Majivu ya Jirani

"Chuo kile kina wakufunzi tisa," Nyamizi alipenda kuwaambia wanawake wenzake kisimani, "na wa kumi ni mimi." Akiona nyusi zao zimeanza kupanda, alijishusha mwenyewe kabla hawajapata nafasi ya kumshusha: "Wenzangu hufundisha mbele ya ubao. Mimi nafundishia nyuma ya choo, kando ya jalala, na kipindi changu kikiisha darasa zima linakimbia kwenda kunawa."

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Nyamizi alijitwisha maji yake akaondoka taratibu, mgongo umenyooka, kama mtu aliyetoka kupokea zawadi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilipokuwa imegeuka hadithi ya kusimuliwa watoto. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, rafu zilikuwa na vumbi, na vumbi ndilo bidhaa pekee iliyopatikana bila kibali. Watu walifulia majani ya mpapai, walisugulia mchanga, na wengine walikaa na uchafu wao kimya wakaupa jina la uvumilivu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa toka Shinyanga mjini, pale reli inapopita, mpaka vijiji vya upande wa Samuye alikoishi Nyamizi, mjane aliyezika watoto wake wote, mwenye nyumba ya udongo, kuku wavivu wa kutaga, na macho mekundu.

Macho yale hakuzaliwa nayo. Nchi ile ilikuwa imekwisha miti zamani, ikabaki pamba na ng'ombe, na akina mama walipikia samadi iliyokaushwa juani. Moshi wa samadi haumbembelezi mtu. Mwanamke akiukalia miaka arobaini, macho yake huwa kama ya mtu aliyelia tangu jana. Kijiji kizima kilijua hivyo, maana hakukuwa na nyumba isiyokuwa na bibi wa namna hiyo. Ila zipo siku ambazo watu husahau wanachokijua.

Habari ya sabuni ilianzia chuoni, chuo cha ualimu kilichokuwa uwandani kabla hujafika mjini. Mkufunzi mmoja aliyeitwa Bartholomeo, mtu mrefu mwenye shati moja zuri, alikuwa amechoka kuwaona walimu wa kesho wakienda darasani na kola nyeusi. Aliwakusanya wanachuo akawaambia kwamba kinu cha mafuta ya mbegu za pamba humwaga mashapo yake mtaroni; kwamba wakulima, kwa amri, hung'oa mabua ya pamba baada ya mavuno na kuyachoma yasihifadhi wadudu; kwamba majivu yake huachiwa upepo; na kwamba kati ya mtaro na upepo kuna sabuni.

Wanachuo walimtazama kwa huruma. "Tumekuja kusomea ualimu, mwalimu," alisema mmoja, "si kupika majivu." Wengine walitaka kujua kama mradi huo utatoka kwenye mtihani. Aliyechukua koleo wa kwanza alikuwa msichana wa Ushirombo, Coletha, wa mwaka wa pili, mdogo wa umbo na mgumu wa shingo. Hakuchukua koleo kwa moyo wa kujitolea. Alilichukua kwa sababu alikuwa na gauni moja la kanisani na alikuwa amechoka kulivaa upande wa nyuma mbele.

Walitoboa pipa la lami lililotupwa na wajenzi wa barabara, wakatandika nyasi chini, wakajaza majivu, wakamwagia maji. Yakachuruzika maji ya rangi ya chai, yenye kung'ata. Mwalimu alitumbukiza unyoya wa kuku. Unyoya ukiyeyuka, maji yalikuwa tayari kukutana na mashapo jikoni. Sabuni ya kwanza ilitoka laini kama uji wa mgonjwa, yenye harufu ya karanga zilizooza. Wavulana walicheka juma zima. Jumamosi, gauni la Coletha lilipoanikwa kwenye kamba, likawa jeupe mno hata ndege wakalikwepa, waliacha kucheka. Jumapili jioni palikuwa na foleni mbele ya pipa.

Kuanzia hapo walishikwa na kitu kama homa. Waliokuwa wakiziba pua wakaanza kubishana juu ya kipimo cha chumvi ya kuigandisha. Wengine walikata makopo ya maziwa wakapata kalibu za kumiminia, wengine wakaenda na ndoo hadi mtaroni kwa kinu, wakarudi wanang'aa mafuta kama maharusi. Wakaanza na kutazama mbali. "Nikipangiwa shule," Coletha alisema siku moja akiwa anakoroga, jasho likimtiririka, "nitaanzisha jiko kama hili na akina mama wa pale. Mtu mzima asikae kungoja povu liletwe na lori." Kwa kuwa majivu yao yenyewe hayakutosha, walipiga mbiu vijijini: atakayeleta gunia la majivu ataondoka na mche wa sabuni.

Ndipo Nyamizi akaingia. Siku ya kwanza alikwenda kwa tamaa tu, na gunia nusu. Aliwakuta vijana wamekunja sura kuzunguka pipa, wamenyamaza kama watu wa matanga. "Nani amekufa?" aliuliza. Walipomwambia sabuni imegoma kuganda, alichungulia, akatikisa kichwa kwa uzito mkubwa, akasema, "Hii si sabuni, wanangu. Hii ni mboga. Leteni ugali." Walicheka hata Bartholomeo akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo jiko halikuwaka sawasawa bila yeye. Hakujua kipimo hata kimoja, na mara mbili alishauri kinyume kabisa, lakini palipokuwa na Nyamizi kazi ilikwenda. Naye, aliyekuwa akirudi kila jioni kwenye nyumba isiyokuwa na wa kumwambia "pole na safari", alipata watu wa kumwita bibi.

Tatizo lilikuwa njia. Kutoka kijijini hadi chuoni ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye magoti yake. Ya Nyamizi yalikuwa kama ya kuazima. Gunia zima la majivu lilimshinda kulinyanyua toka chini. Hata hivyo, kila siku ya kupika, kabla jua halijatoka vizuri, gunia la Nyamizi lilikuwa langoni mwa chuo.

Lilifikaje? Lilifika kwa mkokoteni wa Telesphori.

Telesphori, ambaye watu walimwita Baba Ansgar kwa jina la mwanawe mkubwa, alikuwa kiongozi wa walinzi wa jadi wa kijiji. Filimbi yake ya pembe ikilia, wanaume walitoka mbio na mikuki. Alikuwa ameshika wezi wa ng'ombe, na zaidi ya wezi alikuwa ameshika walanguzi. Mtu aliyeficha khanga mbili chini ya kitanda alimuota Telesphori. Alfajiri moja alimkuta Nyamizi ameketi juu ya gunia lake nusu njiani, anapumua kwa shida. Alisimamisha ng'ombe.

"Weka mzigo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Panda."

"Mungu akupe wake wawili zaidi."

"Aniondolee huyu mmoja kwanza," alisema, nao wakacheka. Kisha akaacha kucheka. "Ila usimwambie mtu kwamba nakwenda njia hii."

Nyamizi hakuuliza. Mtu wa mzaha ana macho kuliko wengine, maana hukaa akitafuta cha kuchekea. Aliona kwamba Telesphori alifungua mdomo wa gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa mtupu. Aliona kwamba langoni hakumruhusu mwanachuo yeyote kulishusha. Alilishusha mwenyewe, akazamisha mkono tena, eti anapima kama majivu yamepoa, ndipo akawaamkia vijana kwa upole, akawauliza habari za masomo, akaelekea mjini. Aliona pia kwamba Ansgar alikuwa upande wa Geita, kwenye machimbo, ambako mgodi mkubwa ulikuwa umefungwa na vijana wakabaki wakichokoa mabaki, na kwamba kila alipokuja nyumbani au kutuma mtu, babaye alipata safari. Dhahabu wakati ule ilikuwa ya kuuziwa serikali peke yake. Na hakuna askari, hata mwenye wivu wa kazi yake, anayetia mkono ndani ya gunia la majivu.

"Akili," Nyamizi alijisemea. Alinyamaza, kwanza kwa sababu magoti yalihitaji mkokoteni, halafu kwa sababu Telesphori, ukimwondolea filimbi, alikuwa mtu mwema.

Watoto ndio waliouliza. "Bibi, unafikaje chuoni kabla ya jua na gunia kubwa vile?"

"Napanda fisi."

Watoto walishika midomo.

"Fisi mzuri, ila mgongo wake umechongoka. Mkinikuta nakaa kiupande-upande, mjue tulikwenda mbio."

Walicheka, wakakimbia, wakaubeba mzaha ule hadi majumbani mwao na kuuweka mezani pamoja na ugali. Watu wazima nao walicheka. Kila Msukuma anajua kwamba anayepanda fisi alfajiri ni mchawi, lakini alikuwa Nyamizi bwana, mwanamke aliyewahi kumwambia padri kwamba dhambi zake zimezeeka hazifai hata kuungamwa. Nani angemchukulia maanani?

Mvua zikaja. Majivu ya mabua mashambani yakalowa yakaisha, na chuoni mapipa yakabaki wazi. Nyamizi akabuni njia. Alianza kupita nyumba kwa nyumba asubuhi na mapema, akizoa majivu ya meko. Wanawake walifurahi, nani anakataa kufagiliwa jiko? Hakuna aliyesema neno juu ya desturi ya zamani kwamba majivu ya mwenyewe hayavuki uzio wake, kwamba yanamwagwa palepale uani, juu ya yale ya mama na bibi. Mambo ya kale hayo. Wao walikuwa watu wa zahanati, wa komunio na wa vyeti vya darasa la saba.

Nyumba ya mwisho mzunguko ule ilikuwa ya Klara. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyeanza kusimama kwa kushika kuta. Nyamizi alizoa majivu, akamtekenya mtoto tumboni kwa kidole chenye vumbi, akaacha alama ya kijivu kitovuni. Mtoto akacheka.

Jioni ile mtoto akachemka mwili. Alichemka siku ya pili. Zahanati ilikuwa na mganga na kitanda, dawa ilikuwa njiani. Siku ya tatu akafa.

Mazikoni Nyamizi alipeleka maji, akalia na wengine, na macho yake yalikuwa mekundu kama yalivyokuwa siku zote. Baada ya matanga alikwenda kisimani. Alikuta wanawake wamejipanga, akasema, ili kuwainua moyo kidogo, kwamba foleni hii ni ndefu, bora angemleta mnyama wake achimbe kisima kingine.

Hakuna aliyecheka.

Mwanamke mmoja alichukua ndoo yake iliyokuwa nusu akaondoka. Kisha wa pili. Nyamizi alibaki na kamba mkononi, akisikiliza mahali ambapo kicheko kilipaswa kuwapo. Maisha yake yote alikuwa ametupa maneno hewani na maneno yakamrudia na watu. Leo yalikwenda hayakurudi. Alielewa kila kitu palepale, mara moja, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwapo. Mwaka uliopita, katika kijiji cha pili, bibi mmoja alikutwa mlangoni mwake amekatwa mapanga, na watu walioona walisema hawakuona. Naye alikuwa na macho kama haya.

Telesphori alimjia jioni wakati wa kukamua, saa ambayo kila mtu yuko zizini. Hakuketi.

"Watu wameniomba baraza," alisema. "Kesho, kwenye banda la kununulia pamba. Siwezi kukataa, mayu. Nikikataa watafanya bila mimi, na unajua watafanya nini."

"Najua."

"Watakuuliza ulifikaje chuoni."

"Na mimi nitajibu nini, Baba Ansgar?"

Alitazama chini. Alikuwa mtu mnene wa mabega, lakini jioni ile shati lilimpwaya. "Sema ulibeba mwenyewe, kidogo kidogo. Nitakuunga mkono. Ukinitaja mimi, wataniuliza nilifuata nini huko, na nikijibu hilo, Ansgar analala ndani. Kijana wa miaka ishirini na mbili. Yuko peke yake huko machimboni."

"Mimi pia niko peke yangu," Nyamizi alisema.

Aliisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Telesphori alirekebisha kofia yake. "Nitakutetea," alisema tena, akaondoka kwa kupitia nyuma.

Asubuhi watu walijaa bandani. Msimu wa pamba ulikuwa haujafika, na mzani mkubwa ulining'inia mtupu kwenye mnyororo wake. Wanaume walikaa upande mmoja na mikuki yao, wanawake upande wa pili na watoto wao. Nyamizi alisimamishwa katikati, juu ya sakafu ya saruji. Alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa khanga aliyoifua kwa sabuni ya chuo, na miongoni mwa nguo zile za kahawia ilimtoa peupe kama taa ya mchana.

"Mayu Nyamizi," Telesphori alianza kutoka kwenye kigoda chake, "watu wana maswali."

"Waulize tu. Wameniona nimependeza, nani asingeuliza?"

Mzaha ule ulianguka sakafuni, ukabaki hapo.

Klara ndiye aliyeinuka. Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa makelele, matusi, hata mate. Klara hakupiga kelele. Maziwa yalikuwa bado yanamlowesha kifuani, na alisema polepole kama mtu anayeuliza njia.

"Asubuhi ile ulizoa jiko langu. Ulimgusa mtoto hapa. Jioni akawaka. Mimi sijui mambo, mayu, nataka kuelewa tu. Moto wangu ulikwenda nao wapi?"

"Kwenye sabuni, mwanangu."

"Kwenye sabuni," Klara alirudia. "Moto niliopikia uji wake wa mwisho. Watu wakafulia nguo."

Kwa miezi yote ile Nyamizi alikuwa amebeba majivu, kitu kisicho na mwenyewe, kitu ambacho hata upepo huchukua bila kuomba. Wanachuo walimfundisha hivyo, naye alifurahi kufundishwa: kwamba duniani hakuna kitu kilichokwisha kazi. Hakuna aliyefikiri, si Bartholomeo na shati lake, si Coletha na koleo lake, si yeye mwenye umri wake wote huu, kwamba kitu kikiisha kazi bado kinaweza kuwa cha mtu. Angeomba. Lilikuwa neno moja tu la kusema mlangoni. Badala yake aliingia na mzaha.

"Sikukuomba," alisema. "Hapo nilikosa, Klara. Nisamehe hapo. Lakini mtoto sikumfanya kitu."

Mnong'ono ulipita bandani. Watu hawakuzoea sauti ile kwake, na kwa kuwa hawakuizoea, iliwatisha.

Mzee mmoja wa walinzi alipiga mkuki wake sakafuni. Vijana wawili wakaburuta gunia lililojaa majivu, wakalitua miguuni mwa Nyamizi. "Gunia kama hili," mzee alisema. "Kabla ya jua. Kwa magoti hayo. Watoto wetu wanasema uliwaambia unapanda fisi."

"Ulikuwa mzaha."

"Basi leo tuambie usio mzaha. Kama ulibeba mwenyewe, beba tuone."

Nyamizi alilitazama gunia, na uongo aliopewa jana ukamfia mdomoni. Hata kulisogeza asingeweza. Alimtazama Telesphori. Aliyatazama mabega yale, mkono ule uliokuwa ukizama majivuni, na akangoja. Alimngojea muda mrefu kiasi cha watu kuanza kugeuka kuona anamtazama nani. Telesphori alikuwa akichunguza pembe ya filimbi yake kana kwamba ameiona leo.

"Nilipanda mkokoteni," Nyamizi alisema.

"Wa nani?"

"Wa Baba Ansgar. Huyo hapo."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kibaya, cha puani, kikasambaa upande wa wanaume mpaka mikuki ikagongana. Nyamizi! Hata hapa! Amesimamishwa kwa kifo cha mtoto na bado anachezea watu, tena anamchezea mwenye filimbi! Alisikia kicheko alichokitafuta tangu kisimani kikimjia sasa, kikubwa, cha kijiji kizima, akajua kwamba ndicho kitakachomuua. Maneno yake ya kweli yalikuwa yamevaa nguo za yale mengine. Nani angeyatofautisha? Yeye mwenyewe ndiye aliyeyavisha sare.

Telesphori aliinua mkono, wakanyamaza.

"Nimemheshimu mama huyu," alisema. Sauti yake ilianza ikitetemeka, kisha ikapata nguvu kadiri ilivyosonga, kama ng'ombe anayeteremka. "Lakini nisingiziwe mbele ya watoto wangu? Mkokoteni wangu hulala zizini, na mimi hulala kwangu. Tangu chuo kile kijengwe sijakanyaga lango lake. Simjui mwalimu wa pale, simjui mwanafunzi wa pale hata mmoja. Nikikutana nao njiani nitawapita kama miti."

"Umesikia, mayu?" mzee wa mkuki aliuliza.

"Nimesikia."

"Una neno?"

Alikuwa nalo. Angeweza kutaja dhahabu. Neno lile lilikuja mpaka mwisho wa ulimi wake, likiwa zito kuliko gunia. Alimwona Ansgar alivyokuwa mtoto, amekalia mgongo wa ndama, kamasi mpaka kidevuni. Alimwona mtoto wa Klara ameshika ukuta. "Sina," alisema.

Mzee alimgeukia kiongozi ili atoe hukumu, na kila mtu aliijua itakavyokuwa: asipewe moto, asitekewe maji, asisalimiwe, na kesho jua lisimkute ndani ya mpaka wa kijiji. Na mwanamke mzee anayetembea peke yake uwandani, jina lile likimtangulia kila anapokwenda, hafiki mbali. Telesphori alijisafisha koo. Alijisafisha tena.

Ndipo msichana akaonekana anakuja kwa barabara ya mjini, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amejifunga kitenge mabegani, mikono yote miwili imo ndani. Zaidi ya Nyamizi, bandani hakuna aliyeonyesha kumjua. Alipofika kwenye kivuli alisita, akaona mikuki, akamwona Nyamizi katikati, na hofu ikampita usoni. Lakini alikuwa binti aliyelelewa vizuri, na mbele ya wazee kitu cha kwanza ni kimoja. Alikunja goti kuelekea kwa wanawake, akakunja kuelekea kwa wanaume. "Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia wachache, kwa mashaka.

Kisha akamgeukia aliyekaa kigodani, kwa kuwa ndiye mkubwa wa baraza, akainama zaidi. "Shikamoo, baba."

Telesphori alikuwa mbali. Alikuwa akipanga maneno ya hukumu, akiyapanga na kuyapangua, akitafuta yaliyo laini kidogo ambayo hayakuwapo. Salamu ilimkuta huko aliko, naye akaiitikia kama alivyoiitikia asubuhi nyingi, kwa upole ule ule, hata kabla hajainua macho.

"Marahaba, Coletha. Kidole kimepona?"

Mnyororo wa mzani ulilia kidogo kwa upepo. Hakuna mtu bandani aliyekuwa amelitaja jina hilo.

"Kimepona, baba," msichana alisema, akautoa mkono ndani ya kitenge kukionyesha, kidole kilichofungwa kitambaa safi. "Siku mbili tumewangojea langoni, hatukuwaona. Mwalimu alidhani labda ng'ombe wako ameumwa, ndiyo akanituma nije kumwangalia bibi."

Nyamizi alifungua mdomo kwa mazoea, kutafuta neno la kuchekesha, maana nafasi kama ile haiji mara mbili. Hakulipata. Mbele yake Klara alikuwa ameacha kumtazama. Mzee wa mkuki alikuwa ameacha kumtazama. Wote walikuwa wamegeukia kigoda, na pale kigodani Telesphori alikuwa amemkazia macho msichana yule, midomo wazi, kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba amefananishwa.